Kurudisha mikunjo ya wigi nyumbani bila kuliunguza

Wigi lilitoka dukani na mikunjo imeshikamana vizuri. Miezi miwili baadaye limelegea, limetimka nyuma ya shingo, na ukilichana linafumuka kama pamba ya mto. Unajaribu njia uliyoiona kwa mwenzako: yeye lilimkubali, wewe limekuharibikia. Mara nyingi kosa ni kwamba wigi lake lilikuwa la nywele za binadamu na lako ni la plastiki, au kinyume chake.

Shika jambo moja kabla ya mengine. Nywele za plastiki hushika umbo zinapopoa baada ya kupata joto. Nywele za binadamu hushika umbo zinapokauka baada ya kulowa. Karibu kila hatua hapa chini inatokana na tofauti hiyo, na karibu kila wigi lililoharibika nyumbani liliharibika kwa sababu mtu aliisahau.

Tenga jioni moja na usiku wake. Ukianza saa kumi na moja jioni, rola utazifungua asubuhi. Ukiwa na harusi leo usiku, wigi hili liache na uazime jingine.

## Vifaa

- Chanuo la meno mapana. Brashi ya kawaida iache kabatini.
- Rola 20 hadi 30 za plastiki zenye matundu, kwa wigi la inchi 12 hadi 16. Matundu hupitisha maji ya moto na hewa.
- Vibanio vyepesi vya kushikia rola.
- Karatasi nyembamba za kufungia ncha. Karatasi ya kuokea keki, iliyokatwa vipande vya sm 5 kwa 7, inafaa. Tishu haifai, ikilowa inachanika na kubaki ndani ya nywele.
- Chupa ya kupulizia maji, ya ml 250 au 500.
- Shampuu laini na kondishena.
- Sufuria ya lita 6 au zaidi, beseni mbili, upawa wa mpini mrefu.
- Kipimajoto cha jikoni. Usipokuwa nacho, hesabu za kuchanganya maji ziko hatua ya 6.
- Glavu nene za mpira za kuoshea vyombo, taulo mbili, mkasi mkali, kibano, kiberiti na sahani ya bati.
- Kichwa cha kusimamishia wigi, na pini.

Kichwa cha kitambaa kilichojazwa ndicho bora. Kile cheupe chepesi cha thamokoli hulainika kikimwagiwa maji ya moto sana. Kama huna vyote, chukua dumu la maji la lita 5, lijaze mchanga nusu lisianguke, livalishe soksi nene au fulana ya zamani. Mpira wa miguu usiutumie: namba 5 una mzingo wa sm 68 hadi 70, na kichwa cha mtu mzima ni kama sm 54 hadi 58. Lastiki ya wigi ikilala juu ya mpira huo usiku kucha, asubuhi wigi litakuwa linakuvuka masikio.

Rola zenye miiba ya kunata ziache pia, zinang'ang'ania nyuzi za plastiki na kuzing'oa. Rola za sponji zinafaa kwa nywele za binadamu, lakini kwenye maji ya moto zinafyonza na kukaa na unyevu siku nzima.

## Hatua ya 1: Jua nywele ulizo nazo

Usiamini maneno ya muuzaji, wala bei. Pindua wigi, tafuta lebo ndani ya kofia yake. Kisha fanya majaribio mawili.

Maji. Lowesha kishungi kimoja cha nyuma, chini kabisa. Nywele za binadamu hunywa maji, huwa nzito, hubadilika rangi kidogo, na kama kiwanda kilizitia mawimbi, mawimbi yanaanza kurudi yenyewe. Plastiki haibadiliki sana, maji yanateleza juu yake.

Moto. Kata nywele tatu au nne kutoka ndani, mahali pasipoonekana. Zishike kwa kibano juu ya sahani ya bati, mbali na wigi lenyewe na mbali na spreya yoyote. Washa ncha. Nywele za binadamu hunuka kama unyoya wa kuku ukibabuliwa, na majivu yake yanasagika kati ya vidole. Plastiki huyeyuka, hujikunyata, huacha kidonge cheusi kigumu, na harufu yake ni ya plastiki iliyoungua. Subiri kidonge kipoe kabla ya kukigusa.

Chukua nywele kutoka sehemu mbili au tatu tofauti. Mawigi ya mchanganyiko yapo mengi: unywele mmoja unakuwa majivu, wa pili kidonge. Wigi la hivyo litendee kama la plastiki ya kawaida, maana ndiyo dhaifu kuliko zote zilizomo.

Sasa una moja kati ya haya:

1. Nywele za binadamu.
2. Plastiki ya kawaida.
3. Plastiki inayostahimili joto. Kiberiti hakiwezi kuitofautisha na namba 2. Ni lebo tu inayokuambia, na mara nyingi huandikwa kiwango cha joto kinachoruhusiwa. Hakuna lebo? Hesabu kwamba ni ya kawaida.
4. Mchanganyiko.

## Hatua ya 2: Kagua kama linaokoleka

Geuza wigi nje ndani. Angalia kama mistari ya nywele imeshonwa kwa uzi au imebandikwa kwa gundi. Mawigi mengi yanayotengenezwa mtaani ni ya gundi, na maji ya moto yakifika kwenye gundi mistari inaachia. Wigi la gundi bado unaweza kulitengeneza, lakini kofia isiguswe na maji ya moto hata kidogo.

Kisha pitisha vidole kwenye ncha. Ncha zilizotimka kwa msuguano wa kola na mkoba huwa kavu, nyepesi na zimesokotana, hizo zinatengenezeka. Ncha zilizoyeyuka, kwa pasi ya nywele au mvuke wa chungu, ni ngumu na zina vidonge vidogo kama chembe za sukari. Hizo hazirudi kwa dawa yoyote. Kata sm 1 hadi 2 na uendelee na zilizobaki.

Kama zaidi ya theluthi moja ya wigi imeyeyuka, okoa muda wako.

## Hatua ya 3: Fumua, kisha osha

Fumua wigi likiwa kavu, kishungi kwa kishungi, kuanzia ncha ukipanda kuelekea kwenye kofia. Ukianza juu unakusanya mafundo yote sehemu moja, halafu unavuta, halafu nywele zinang'oka kwenye lesi, ule wavu mwembamba wa kofia zilikofungwa. Shika kishungi kwa mkono mmoja juu ya fundo, chana kwa mwingine, ili kofia isivutwe.

Fundo likigoma, pulizia mchanganyiko huu: kijiko kimoja cha chai cha kondishena kwenye ml 250 za maji. Kwa plastiki wapo wanaotumia kilainishi cha nguo, kijiko kimoja cha chakula kwa nusu lita ya maji, nacho hufanya kazi vizuri. Ila kioshe kiishe kabisa, mabaki yake yanawasha ngozi ya kichwa ya watu wengi.

Kuosha ni kazi ya dakika tano. Lita 3 za maji baridi au vuguvugu, kijiko kimoja cha chakula cha shampuu, koroga, zamisha wigi, ulipapase kuelekea chini. Usifikiche kama nguo. Suuza mara mbili. Nywele za binadamu zipake kondishena kuanzia katikati hadi ncha, ziache dakika 10, suuza. Usipake karibu na kofia kwa sababu vifundo vya lesi hulegea.

Kandamiza maji kwa taulo. Usikamue.

Hatua hii hairukwi kwa sababu mafuta, jasho na spreya ya zamani hufunika nyuzi. Ukiseti juu ya uchafu, utapata mikunjo inayonata na kuvunjika siku ya pili.

## Hatua ya 4: Jaribu kishungi kimoja

Hapa ndipo wenye haraka hupotea. Chukua kishungi kimoja chenye unene wa penseli, kutoka chini nyuma karibu na shingo. Kipeleke katika safari nzima ya hatua ya 5 hadi 8: rola, joto au ukaushaji, kupoa, kufungua. Wigi lingine libaki lilivyo.

Umefaulu kama kishungi kimejikunja, kinang'aa kama mwanzo, na ukikivuta taratibu kinarudi. Kikitoka kigumu au kimechakaa, joto limezidi: shusha nyuzijoto 5 na ujaribu kingine. Kikitoka kimelegea, joto halikufika ndani au ulifungua mapema.

Kishungi kimoja kilichoharibika chini ya kisogo hakuna atakayekiona.

## Hatua ya 5: Zungusha rola

Bana wigi kwenye kichwa cha kusimamishia kwa pini nne: paji la uso, masikio mawili, shingo. Gawa nywele mafungu matano kwa vibanio: juu, pembeni mbili, nyuma juu, nyuma chini. Anza nyuma chini, kwani makosa ya kwanza yatajificha huko.

Ukubwa wa rola ndio unaoamua mkunjo:

- mm 7, unene wa penseli: mikunjo midogo ya karibu-karibu kama chemchemi.
- mm 12 hadi 15, unene wa kidole cha mwisho: mikunjo ya kati inayosimama yenyewe.
- mm 20, unene wa kidole gumba: mikunjo mikubwa laini.
- mm 30 na kuendelea: mawimbi tu.

Wigi la inchi 14 lina nywele za sm 36 hivi. Rola ya mm 20 ina mzingo wa sm 6.3, kwa hiyo kishungi kitaizunguka mara tano na ushee. Kwa nywele fupi fanya hesabu hiyo kwanza: kishungi kisipozunguka angalau mara moja na nusu, hupati mkunjo, unapata ncha iliyopinda.

Plastiki hubaki karibu na ukubwa wa rola. Nywele za binadamu hulegea, hasa Dar, Tanga, Zanzibar na Mombasa ambako hewa yenyewe ina maji, hivyo chagua rola ndogo kwa saizi moja kuliko mkunjo unaoutaka.

Namna ya kuzungusha:

1. Chukua kishungi kisichozidi unene wa rola yenyewe. Kikiwa kinene, joto au hewa haifiki katikati, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mikunjo iliyoshika nje na kulala ndani.
2. Pulizia maji kidogo, chana kinyooke.
3. Kunja karatasi katikati, ikumbatie ncha, iachie nje mm 5 hivi. Hiyo karatasi ndiyo inayozuia ncha kupinda kama ndoana.
4. Zungusha kwa kuvuta kiasi tu. Ukivuta sana unavuta mistari ya kofia. Ukilegeza, nywele zinapishana na kutoka zimetimka.
5. Acha sm 2 hadi 3 kabla ya kofia kama utatumia maji ya moto. Nafasi hiyo inalinda kofia, gundi na lastiki.
6. Bana kwa kibanio kinachoshika rola, wala kisibonyeze nywele zilizozungushwa. Kibanio kikibonyeza kwenye joto, alama yake inabaki.

Rola zikisimama wima, nywele hujizungusha kama chemchemi na kushuka ndefu. Rola zikilala, zinapanda na kujaa. Kwa wigi lililokuwa la mikunjo tangu dukani, wima ndiko kunakorudisha sura yake ya zamani. Mbele, zungusha kuelekea nje ya uso pande zote mbili. Kwingine badilisha, moja kulia moja kushoto, zisije zikaungana kuwa bomba moja kubwa.

Ukimaliza, mstari wa kofia uonekane wazi kati ya rola na rola, na hakuna ncha inayochungulia.

## Hatua ya 6: Joto, kwa plastiki na mchanganyiko tu

Wenye nywele za binadamu rukeni hatua hii, mwende ya 7.

Maji yanayochemka kwa nguvu yasimwagwe juu ya plastiki ya kawaida, huikunyata na kuondoa mng'ao. Viwango vya kutumia:

- Plastiki ya kawaida, na mchanganyiko: nyuzijoto 70 hadi 75.
- Inayostahimili joto: nyuzijoto 80 hadi 85.

Bila kipimajoto, tumia kikombe kilekile kupima. Vikombe viwili vya maji yaliyochemka na kimoja cha maji ya bomba yenye nyuzijoto 25 hutoa kama 75, kisha sufuria yenyewe inanyonya kidogo. Vikombe vinne kwa kimoja hutoa kama 85. Hesabu hii ni ya pwani, ambako maji huchemka kwa 100. Nairobi, juu kwenye takriban mita 1,700, maji huchemka kwa nyuzijoto 94 hivi na ya bomba ni baridi zaidi. Viwili kwa kimoja vitakupa chini kidogo ya 70. Huko ongeza nusu kikombe cha moto katika mchanganyiko wa kwanza, na kwa wa pili tumia vitano kwa kimoja.

Usalama, kabla ya kugusa sufuria. Zima jiko kwanza, ndipo ulete wigi. Nyuzi za plastiki hazihitaji kuguswa na moto, hewa ya moto pembeni ya jiko inatosha kuziunguza. Jiko la mkaa liwe nje. Ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu inayoua. Weka sufuria mahali tambarare watoto wasipofika. Vaa glavu na viatu vilivyofunika vidole. Na kamwe usifanye kazi hii wigi likiwa kichwani kwa mtu, hata kama umejikinga kwa taulo na hata kama msusi amekuambia ndivyo anavyomaliza rasta. Rasta huchovywa ncha tu. Kwa wigi unafikisha joto karibu na ngozi.

Ukiungua, weka mahali hapo chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si mafuta, si ute wa yai. Malengelenge yakitokea, au ukiungua usoni au kiganjani, nenda kituo cha afya.

Kumwagia:

1. Simamisha wigi ndani ya beseni tupu. Jaza beseni la pili maji ya baridi.
2. Chota upawa, mwagia rola moja taratibu kwa sekunde tano, kutoka juu ya rola kushuka. Rudia upawa mara tatu kwa kila rola. Unywele mmoja hupata joto papo hapo, lakini fungu lililozungushwa linahitaji muda joto lifike katikati.
3. Maliza mstari mmoja, hamia wa juu yake. Usimwage juu ya kofia.
4. Pima maji kila baada ya rola 8 au 10. Yakishuka chini ya 65 hayana kazi tena, ongeza ya moto kwenye sufuria.
5. Mwagia mstari wote maji ya baridi, kabla ya kugusa rola yoyote.

Namba 5 hiyo, ya maji ya baridi, ndiyo inayofunga umbo. Plastiki ikiwa ya moto ni laini, inakubali umbo lolote unaloliwekea, pamoja na lile la rola kulegea au kidole chako kukandamiza. Ukichungulia "kuona kama imeshika" ikiwa bado vuguvugu, umeshaifungua.

Kwa wigi refu la kushonwa, kuchovya ni haraka zaidi: shika kofia, zamisha rola za chini kwenye sufuria, hesabu hadi 15, toa, angalia, rudia mara moja, kisha beseni la baridi. Jumla isizidi sekunde 30 kwa plastiki ya kawaida. Kofia isizame.

Dalili kwamba joto limezidi ni harufu ya plastiki, mng'ao kupotea, au nyuzi kushikana. Acha papo hapo na umwagie baridi.

## Hatua ya 7: Kwa nywele za binadamu, maji kwanza, rola baadaye

Kabla hujaweka rola yoyote, jiulize kama unazihitaji. Wigi la binadamu lenye mawimbi ya kiwandani mara nyingi halijapoteza kitu, limekauka tu. Baada ya kuosha, lowesha lote, paka kondishena ya kubakiza kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa wigi la inchi 14, chana kwa chanuo pana, kisha inamisha kichwa cha wigi na ukandamize nywele kwa viganja kutoka ncha kwenda juu. Acha likauke kwa hewa bila kuligusa. Wigi lililonyooka kama singa asubuhi linaweza kuwa na mawimbi jioni.

Yasiporudi, mawimbi yaliondolewa na pasi ya nywele ya moto sana. Hapo ndipo rola zinapoingia, na ujue wazi kwamba kuseti huku ni kwa muda: maji yatakufungulia kazi yote.

Hakikisha nywele zina unyevu sawa, zisidondoshe maji. Pulizia losheni ya kuseti, au mchanganyiko wa kondishena wa hatua ya 3. Weka rola kama ilivyoelezwa, ila unaweza kuzifikisha hadi karibu na kofia. Ziache zikauke kwa hewa, saa 8 hadi 12, na zaidi kipindi cha baridi cha Juni na Julai kwa walio nyanda za juu. Ukiwa na draya ya kukalia, joto la chini dakika 45 hadi 60, kisha nusu saa ya kupoa rola zikiwa bado ndani.

Kuhusu dawa ya kalikiti: usiipake. Nywele za mawigi zimeshapita dawa kiwandani, nyingine zimepaushwa hadi kuwa za dhahabu, na dawa ya kukunja inavunja viungo vya ndani vilevile vilivyokwisha dhoofishwa. Zinakatika mkononi kama tambi kavu. Kwenye plastiki dawa hiyo haifanyi kitu chochote isipokuwa kunuka.

## Hatua ya 8: Subiri, kisha fungua

Rola zote zikauke kabisa. Plastiki imeshashika umbo kwa kupoa, lakini maji yaliyobaki ni mzigo: ukifungua ikiwa mbichi kwa maji, uzito unavuta mkunjo kabla hujauona. Nywele za binadamu zikifunguliwa na unyevu hazijashika chochote.

Fungua rola moja ya nyuma kama shahidi. Karatasi ikitoka na unyevu, rudisha, ongeza saa tatu.

Zikiwa tayari, fungua kutoka chini kwenda juu. Zungusha rola kinyume, usiivute chini. Mikunjo itatoka imebana na kuonekana kama ya bibi arusi wa miaka mingi iliyopita, usitishike. Iache dakika kumi, paka tone moja la mafuta mepesi viganjani kwa nywele za binadamu (plastiki haihitaji), kisha tenganisha kila mkunjo mara mbili kwa vidole. Chanuo likipita hapa linaifuta kazi ya usiku mzima.

Tikisa wigi. Mikunjo irukeruke na irudi mahali pake.

## Likiharibika, hiki ndicho kilichotokea

Juu imeshika, ncha zimenyooka. Ncha hazikuingia kwenye rola au karatasi iliteleza. Rudia ncha tu.

Ncha zimepinda kama ndoana. Hukuweka karatasi. Lowesha, zungusha upya. Kwa plastiki, joto lilelile litazinyoosha.

Mikunjo imeanguka siku ya pili, plastiki. Maji yalikuwa chini ya 65, au vishungi vilikuwa vinene. Punguza unene nusu.

Imeanguka siku ya pili, binadamu. Ilifunguliwa mbichi, au mafuta yalizidi. Kwa mkazi wa pwani huenda ni hewa tu. Hapo rola ndogo na mafuta machache husaidia kuliko spreya nyingi.

Nywele zimetimka na kuwa kavu baada ya maji ya moto. Joto lilizidi. Jaribu kishungi kimoja: kichane kikiwa chini ya maji ya nyuzijoto 70, kivute kinyooke, kipoze kikiwa kimenyooka. Kikikataa, mkasi.

Nusu ya kishungi imejikunja, nusu imelala. Ni mchanganyiko. Plastiki imefuata joto, nywele za binadamu zimefuata maji. Ziseti zikiwa bado ndani ya rola baada ya maji ya moto, ziache zikauke kabisa usiku kucha, zote zitakutana hapo.

Kofia imelegea. Maji ya moto yaliifikia lastiki. Shona mkanda mpya wa lastiki wa upana wa sm 2 kutoka sikio hadi sikio, mfupi kwa sm 3 kuliko nafasi unayoifunika.

## Kulinda ulichokirudisha

Mikunjo ya plastiki hudumu wiki kadhaa hadi miezi kwa kuseti kumoja, na maji baridi hayaiondoi. Kwa hiyo ioshe kwa baridi tu na isiingie jikoni: mvuke wa chungu kinachofunuliwa na hewa ya oveni inayofunguliwa huikunyata nywele za mbele kwa sekunde. Nywele za binadamu zitahitaji rola upya kila baada ya kuosha.

Usiku livue. Likunje ndani ya mfuko wa satini au liache kwenye kichwa chake, lisitupwe juu ya kitasa cha mlango. Asubuhi pulizia maji kidogo, zungushia kidole mikunjo iliyolegea, acha dakika chache.

Sehemu ya shingo itatimka kwanza, kila mara, kwa kuwa ndiyo inayosuguana na kola. Iseti peke yake, rola nne au tano, bila kugusa wigi zima. Plastiki ya kawaida huvumilia kupashwa joto mara chache tu kabla ya kukauka. Ukiona kishungi cha majaribio kinatoka kimefifia hata kwa nyuzijoto 65, wigi hilo limemaliza safari zake, na nywele zake nzima zilizobaki zinaweza kushonewa kwenye kofia nyingine kujazia sehemu za mbele.